Gari la Posa Halitakiwi Mchirizi

Kwa mliokosa gazeti wiki iliyopita kwa sababu muuza maandazi wa mtaani kwenu alishalifungia maandazi, ngoja niwapitishe haraka.

Mie ni Ansbert. Karani wa bima, mkazi wa Goba, kwetu Bukoba. Nina mchumba anaitwa Bupe, anakaa na ndugu zake Mwananyamala. Wiki iliyopita Bupe alikubali wazee wangu walete posa, ila kabla hajakubali aliniuliza swali moja tu: kulikuwaga na mwanamke mwingine wa maana kabla yake?

Nikamwambia hakuna. Nikaapa. Halafu, kama vile kiapo changu hakitoshi, nikaapa na kwa jina la mama yangu mzazi.

Nyie wasomaji wa siku nyingi mnamjua Farida wa Buguruni. Tulipendana na Farida mpaka wazee wa pande zote mbili wakakaa vikao, kwao wakitaka nisilimu, kwetu wakitaka abatizwe. Vikao vikatushinda. Farida akaacha kupokea simu zangu, akahama hata chumba. Nikasema yameisha, na kitu kilichoisha cha nini kumwambia mtu?

Basi wengi mkapiga simu gazetini kuniita mwongo. Mama mmoja akasema ningekuwa mwanawe angenichapa. Sawa. Leo mtafurahi wote.

Ishu ni kwamba Bupe hana baba, na mama yake ni mpole mno. Mwenye sauti kwao ni Shangazi Tusajigwe, muuguzi mstaafu. Shangazi Tusajigwe hana habari na vyeti wala ukoo. Anatazama gari.

Aliyenitangulia mie kuposa pale alikuwa jamaa anaitwa Rogers. Alikuja na gari refu, la kupanda kama unapanda kitanda cha juu bwenini. Shangazi akatoka, akasalimia vizuri, akapitisha kidole ndani ya kitasa cha mlango. Kidole kikatoka cheusi. Posa ikaishia getini, hata soda hazikufunguliwa.

"Mwanaume asiyeona uchafu wa gari lake," Shangazi alisema, "ataona homa ya mtoto wake?"

Maneno hayo Bupe mwenyewe ndiye aliyenisimulia. Akanishika mkono akaniambia, "Ansbert, nakuomba. Gari likiwa na doa nimekukosa." Hakuwa analia, lakini alikaribia.

Sasa Rogers gari lake lilikuwa la kijivu. Kijivu kinaficha mengi. Mie langu ni jeusi.

Aliyeninunulisha gari jeusi sitamtaja kwa sababu ni mie mwenyewe. Nilitaka nikipita watu waseme ni nani yule. Tangu siku hiyo napita barabara ya vumbi ya Goba, na watu wanasema kweli: "Nani yule mwenye gari la udongo?"

Lakini jamani, kuosha gari jeusi naweza. Watu wanatusingizia Wahaya kwamba tunajisifu. Hatujisifu, tunatoa taarifa. Asubuhi ya posa niliamka mapema, nikalisogeza gari kwenye kivuli cha ukuta, nikaweka ndoo mbili, moja ya sabuni na nyingine ya kusuuzia sponji.

Jirani yangu Salumu, fundi seremala, mzaliwa wa Dar hii hii tangu babu zake, akaja kuegemea ukuta na kikombe cha chai.

"Ndoo mbili za nini, bwana shemeji?" Salumu ananiita shemeji bila sababu yoyote.

"Moja ikibeba mchanga, mchanga hauendi tena kwenye rangi. Na sabuni ya unga situmii. Sabuni ya unga ni ya mashuka."

"Mbona unaanzia juu?"

"Uchafu unashuka, haupandi."

"Na mbona kila ukiosha mlango mmoja unaumwagia maji hapo hapo?"

"Nisipousuuza mapema, sabuni inakaukia pale, inaacha mchirizi. Salumu, kwenye gari jeusi mchirizi unaonekana mpaka Kibaha."

Salumu akanywa chai. "Wallahi, sijui kama unaosha gari au unamwogesha mwali."

Nikamaliza. Nikachukua taulo langu la gari, laini, la kipekee, nikaanza kukausha. Hukaushi kwa kuzungusha mkono kama unapangusa meza ya mgahawa. Unalaza taulo, unalivuta kuja kwako, mstari mmoja. Upande ukilowa unageuza.

Nikarudi nyuma kutazama kazi yangu.

Mistari myeupe! Gari zima. Boneti, milango, paa. Kama mtu amelichora chaki.

"Haiwezekani," nikasema.

Nikafuta tena. Mistari ikahama, ikakaa pengine.

Salumu akaweka kikombe chini, akaja, akagusa boneti kwa kidole, akakilamba. Akafumba macho kama mtu anayeonja mchuzi.

"Chumvi," akasema. "Hapa ukileta embe bichi tunakula."

Ndipo nikakumbuka. Maji ya bomba yalikuwa yamekatika, na dada yangu Demetria ndiye aliyeita boza likajaza tangi. Mwenye boza aliapa ni maji baridi. Yalikuwa ya kisima, chumvi tupu. Siku zile kila mtu alikuwa anaapa tu.

"Dada!" nikaita.

Huyu Demetria ni dada yangu mkubwa, na ndiye aliyenilea nilipokuja Dar kusoma. Ana moyo mzuri. Tatizo lake ni moja. Mwaka jana alihama parokia akahamia kwenye hema la nabii mmoja, na tangu hapo anatembea na chupa ya mafuta ya upako kwenye mkoba. Ameshapaka bawaba za milango yangu, ameshapaka viatu vyangu vya kazini. Siku moja nilikuta kompyuta yangu ya ofisini inateleza.

Akatoka jikoni na khanga kiunoni. Kulikuwa na sufuria za ndizi na nyama, maana posa ikikubaliwa wageni wangekuja kula kwangu jioni.

"Dada, maji ya boza yana chumvi."

"Ndiyo maana mchuzi umekolea," akasema.

"Gari limeharibika! Nipe yale maji ya kunywa."

"Yapi? Ya wageni?"

"Hayo hayo."

"Ansbert! Wageni watakunywa nini?"

"Posa ikikataliwa hakuna mgeni atakayekuwa na kiu!"

Akaona ukweli. Tukabeba madumu yote ya maji ya kunywa, yale makubwa ya kupindua kwenye mashine. Nikaosha gari upya kwa maji ya kunywa, maji ambayo mie mwenyewe nilikuwaga napimiwa kikombe utotoni. Nikafuta. Safari hii nikafuta kwa taulo jipya, kavu, halijaguswa.

Nikarudi nyuma.

Jamani. Jamani! Gari lilikuwa linameta, na mchirizi hakuna hata wa dawa. Nikaingiza kidole ndani ya vitasa vyote, kidole kikatoka kama kilivyoingia. Nikasimama mbele ya mlango wa dereva, nikajiona mzima mzima, nikatengeneza ndevu.

Salumu mwenyewe akavua kofia. "Hapa nimekukubali, shemeji."

Demetria akalizunguka gari taratibu, mikono nyuma.

"Mdogo wangu, gari zuri," akasema. "Lakini gari zuri lisilofunikwa kwa maombi ni bati."

Nikajua anakokwenda. "Dada, nisikilize. Gari hili usiliguse. Mafuta na rangi nyeusi ni maadui. Umenisikia?"

"Amina," akasema.

Mie nikadhani ni amina ya kukubali.

Nikaingia kuoga na kuvaa. Nilipotoka na suti yangu, Ta Revelian alikuwa ameshafika. Ta Revelian ni baba yangu mdogo, msemaji wa ukoo, mtu anayeweza kusalimia kuanzia asubuhi mpaka jua likageuka. Alikuwa ameshakaa kiti cha nyuma na barua ya posa kifuani, anafanya mazoezi ya hotuba peke yake. Demetria alikuwa kiti cha mbele, ameshafunga mkanda, ananukia vitunguu na kitu kingine ambacho sikukitilia maanani.

"Twende, tumechelewa," akasema. "Usianze kuzunguka zunguka."

Gari bado lilikuwa kivulini. Nikalitupia jicho, nikaona weusi tu. Nikaondoka.

Tulipotoka kwenye kivuli, jua likapiga boneti, nikaona kitu. Si mchirizi hasa. Palikuwa na sehemu zinang'aa zaidi ya nyingine, zimepindapinda.

"Dada, unaona pale?"

"Wapi?"

"Kwenye boneti. Kuna kitu."

"Ni jua," akasema Demetria. "Adui anakuonyesha doa palipo na neema. Kanyaga mafuta."

Nilitaka kusimama, Mungu ananiona. Lakini lori la mchanga likatupita kwenye ule mteremko wa barabara ya vumbi, na mbele yake kulikuwa na lori lenzake. Vumbi likatufunika mpaka nikawasha taa. Ta Revelian akakohoa katikati ya neno "waheshimiwa". Tulipotokea kwenye lami gari langu jeusi lilikuwa limepata unga mwepesi mwepesi mwili mzima.

"Nasimama nifute," nikasema.

"Ukifuta vumbi kavu kwenye gari jeusi unaliparura," Demetria akasema. "Si wewe mwenyewe uliniambiaga?"

Ilikuwa kweli. Nilimwambiaga. Vumbi kavu halifutwi, linapulizwa au linamwagiwa maji. Nikamwachia upepo wa barabarani kazi hiyo, na upepo ukaifanya kweli. Tulipofika Mwananyamala vumbi lote lililolala tu lilikuwa limeruka.

Lililonasa halikuruka. Hilo sikulijua bado.

Sasa kwa desturi anayeposewa hataonekana, na anayeposa haingii ndani. Wanaingia wazee. Mie nilikwenda kama dereva, kwa sababu gari lile singemwachia mtu. Nikaegesha mbele ya geti, Ta Revelian akashuka na barua, Demetria akashuka na khanga mpya begani, wakabisha hodi, wakapokelewa. Mie nikabaki kwenye usukani, nimetulia kama bwana harusi asiyekuwepo.

Nyumba ya pili kulikuwa na akina mama barazani wanasukana nywele. Mmoja akanyoosha shingo kutazama mbele ya gari langu. Akamgusa mwenzake. Mwenzake akasimama na kitana kichwani.

Nikafikiri wanalihusudu gari. Nikavaa miwani ya jua.

"Hee!" mmoja akasema. "Someni wenyewe!"

"Bupe njoo," akasoma wa pili.

"Bupe yupi? Huyu wetu?"

"Kwani mtaa huu kuna Bupe wangapi?"

Wakacheka mpaka aliyekuwa anasukwa akashika kichwa. Mie nikafungua mlango taratibu. Nikaenda mbele ya gari langu. Nikavua miwani.

Kwenye boneti, kwa herufi kubwa za vumbi juu ya rangi nyeusi, pameandikwa: BUPE NJOO. Chini yake msalaba, na pembeni alama ya kiganja kizima cha mkono, vidole vitano.

Mie nilikuwa nimeitazama njia nzima nikiwa ndani, juu chini, nikaona mapindo tu. Wote tuliopishana nao kutoka Goba mpaka Mwananyamala walikuwa wamesoma. Ndiyo maana trafiki mmoja kwenye makutano alitabasamu akatupungia.

Nikanusa boneti. Mafuta ya mzeituni, na harufu ya upako.

"Dada Demetria," nikasema peke yangu. "Umeniua."

Nikakimbilia taulo kwenye kiti. Nimelishika tu, geti likafunguka. Shangazi Tusajigwe.

Mama mfupi, mkavu, gauni limepigwa pasi mpaka limekatika mistari. Alikuwa anakuja kukagua kama alivyokagua kwa Rogers. Nyuma yake Ta Revelian anaendelea na hotuba, hajajua kama msikilizaji amehama.

"Shikamoo, Shangazi," nikasema. Nikasimama mbele ya boneti, nikatanua koti.

"Marahaba, baba. Sogea nilione gari."

"Shangazi, tuanzie nyuma."

"Mie naanzia mbele. Sogea."

Nikasogea kidogo. Akasoma "NJOO".

"Sogea vizuri."

Nikasogea vizuri. Akasoma yote. Barazani kule hakuna aliyecheka tena, maana wanamjua.

"Hili ni jina la mtoto wa marehemu kaka yangu," akasema polepole. "Limeandikwa kwa nini?"

"Kwa vumbi, Shangazi."

"Vumbi haliandiki." Akagusa herufi B, akasugua vidole. "Mafuta haya. Kijana, umeandika jina la mtoto wetu kwa mafuta, umelipitisha kwenye vumbi, umetuletea mlangoni. Wewe ni mchawi?"

"Hapana, Shangazi!"

"Mara nyingi wachawi wenyewe huwa wanakataa."

Ta Revelian akaona ni wakati wake, akaanza kubembeleza kwa neno la Kihaya. "Waitu, mama yetu mpendwa, katika ukoo wetu, tangu enzi za babu yetu mkubwa..."

"Nyamaza kidogo, baba," Shangazi akamwambia, na ajabu ni kwamba alinyamaza. Sijawahi kuona.

"Mtoto anakonda," Shangazi akaendelea, ananitazama machoni. "Usiku hali chakula. Simu ikilia anaruka. Mie nikasema ni mapenzi. Kumbe ni haya! Kumbe limbwata linakuja na namba za usajili!"

Niliona posa yangu inaondoka. Niwaambie wazi, machozi yalinijia. Nilikuwa nimelipa kila kitu nilichoweza kulipa, subira, heshima, maji ya kunywa ya wageni. Na nilikuwa nampenda yule binti, nampenda mpaka sasa.

"Shangazi, naomba nifute tu," nikasema. "Nifute halafu niwaeleze."

"Usifute!"

Aliyesema hakuwa Shangazi. Bupe alikuwa ametoka, desturi itake isitake, amevaa gauni la kitenge aliloshonewa kwa ajili ya siku ile, miguu peku. Akaja mpaka kwenye boneti, akasoma jina lake. Akaziba mdomo. Mie nikadhani analia. Alikuwa anacheka!

"Ansbert," akasema, "si ungenipigia simu tu? Ningekuja."

Nikapumua. Hata Shangazi mdomo ulimcheza upande mmoja. Kama mambo yangeishia pale, leo ningekuwa nawaandikia habari za kamati ya harusi, na nyie mngeacha kununua gazeti.

Lakini nina dada.

Demetria alikuwa amesimama getini, na kwa kumwonea huruma mdogo wake akaamua kujitoa sadaka. "Mwacheni mdogo wangu, hana kosa," akasema kwa sauti ya ushuhuda. "Nimeandika mie. Si uchawi, ni upako. Mtumishi alituelekeza vizuri kabisa. Jina la anayeitwa linaandikwa mbele ya gari, na jina la anayefukuzwa linaandikwa nyuma."

Demetria akasikia alichosema. Akaweka mkono mdomoni, lakini neno lilishavuka barabara.

"Nyuma kuna jina la nani?" Bupe akauliza.

Bupe akatembea kando ya gari, taratibu, kidole chake kinapita karibu na rangi bila kuigusa. Mie nikamfuata na taulo mkononi. Nilijua. Kabla hajafika nilijua.

Kwenye buti, herufi nzuri kuliko za mbele, maana Demetria alikuwa ameshazoea: FARIDA TOKA.

Bupe akasoma. Akasoma tena. Kicheko chote kilikuwa kimemtoka usoni.

"Farida ni nani?"

"Ni mtu wa zamani," nikasema.

"Wa maana?"

Ningeweza kusema hapana. Uongo ulikuwa tayari mdomoni, umevaa viatu. Nikamtazama, nikashindwa.

"Wa maana," nikasema.

"Na uliapa."

"Niliapa."

"Kwa jina la mama yako."

"Bupe, tuliachana. Wazee walitukatalia. Niliogopa tu kukwambia, nikaona utafikiri bado. Hakuna kitu tena, naapa..."

"Acha kuapa!" Sauti yake ikapasuka. "Kila ukiapa kuna mtu anaumia!"

Mie sikuthubutu kumshika.

Ndipo dada yangu, mwenye moyo mzuri, akaja mbio akamshika Bupe mabega.

"Wifi yangu, usijisumbue na Farida," akasema. "Yule mambo yake nimeyamaliza mie. Nilikutana naye sokoni Buguruni, nikamwambia kwa mdomo huu huu, Ansbert anaoa, na wewe kamtafutie mwanao baba mwingine."

Shangazi Tusajigwe akageuka. Ta Revelian akakaa kwenye ngazi ya geti na barua yake. Akina mama barazani wakaacha nywele kabisa.

Mie nilisikia maneno yale kama vile yanasemwa kwa mtu mwingine, mtu aliyesimama nyuma yangu.

"Mwana gani, Dada?"

"Ansbert, tuko kwenye posa."

"Farida ana mtoto?"

"Tutaongea nyumbani."

"Dada! Mtoto wa nani?"

Demetria akaanza kulia. Alilia kama alivyolia siku aliyonipokea stendi nikiwa na begi moja. "Nilikuwa nakulinda," akasema. "Nilisema labda si wako. Nikamfunua khanga nimwangalie vizuri. Ansbert, masikio ni yako. Masikio na paji la uso. Nikamfunika, nikaondoka."

Sijui niwaelezeje. Nilikuwa nimeng'ang'ania mchirizi wa chumvi tangu alfajiri. Nilikuwa nimeingiza kidole kwenye kila kitasa. Na huko Buguruni kulikuwa na mtu mdogo ana masikio yangu, anabebwa na mama yake sokoni, na mie sikumwona. Nikaegemea buti, suti juu ya mafuta.

Shangazi ndiye aliyezungumza kwanza. Hakuuliza nilichotegemea.

"Mkubwa kiasi gani huyo mtoto?" akamwuliza Demetria.

"Anakaa. Anaanza kutambaa."

"Amechanjwa?"

"Sijui, mama."

"Mzima?"

Demetria akafuta pua kwa khanga mpya. "Alikuwa wa moto," akasema kwa sauti ndogo. "Nilipomgusa alikuwa na moto. Nikasema ni jua."

Shangazi akanitazama. Hakurudia maneno yake aliyomwambia Rogers. Hakuwa na haja, mie nilikuwa nayakumbuka yote.

Mkono wangu ukaanza kufuta buti peke yake, mstari mmoja, kuja kwangu, kama ninavyofundishaga watu. Herufi F ikaanza kuvutika.

Bupe akaninyang'anya taulo.

"Nimesema usifute."

Akazunguka gari, akafungua mlango wa mbele, akakaa kwenye kiti cha Demetria, peku vile vile, taulo langu la thamani amelikunja mapajani. Akatazama mbele. Kutoka alipokaa jina lake lilikuwa limepinduka juu chini.

"Washa gari," akasema. "Tunakwenda Buguruni."

"Bupe, na gari likiwa hivi?"

"Hivi hivi. Aone alivyoandikwa. Na mie anione nilivyoandikwa."

"Na posa?" Ta Revelian akauliza kutoka kwenye ngazi.

Shangazi Tusajigwe alikuwa ameshaingia ndani, akatoka na mkoba wake wa zamani wa kazini, ule wenye kipimajoto. Akaja kwenye mlango wa nyuma. Kwa mazoea tu, maana sidhani kama alifikiri, akapitisha kidole ndani ya kitasa. Akakiinua juani, akakitazama upande huu na upande ule.

Kilikuwa safi.

Akakifuta kwenye gauni hata hivyo, akaingia, akafunga mlango.

"Endesha, baba," akasema.